Mshangao wa Oktoba: maswali yanayoulizwa kila Marekani inapochagua rais

Kila baada ya miaka minne, Marekani ikikaribia kupiga kura, watu huuliza yale yale: je, kuna jambo litakalozuka siku za mwisho na kupindua kila kitu? Hapa nimekusanya maswali yanayorudi mara nyingi zaidi. Mengine yana jibu refu kwa sababu yanastahili, mengine yanaisha kwa sentensi tatu.

Niseme msimamo wangu mapema. Naamini matukio haya yanapewa sifa ya kuamua chaguzi nyingi kuliko yalizoamua kweli. Lakini pale yanapouma, yanauma kwa sababu moja: anayetuhumiwa hana muda wa kujibu, na mpiga kura hana muda wa kupima.

Mshangao wa Oktoba ni nini hasa?

Ni habari au tukio zito linalozuka wiki za mwisho kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, lenye uwezo wa kugeuza mawazo ya wapiga kura. Inaweza kuwa kashfa, vita, kimbunga, barua ya mpelelezi, ugonjwa wa mgombea, au hata neno moja lililomponyoka mtu ukumbini. Wengi hudhani lazima pawe na njama. Si lazima. Mishangao mingine hupikwa na upande mmoja na kuwekwa akiba, mingine hutokea tu.

Kwa nini Oktoba?

Ni kalenda. Sheria ya mwaka 1845 iliweka siku ya kura kuwa Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 2 wala kupita tarehe 8. Oktoba ndio mwezi kamili wa mwisho wa kampeni. Jina lisikufunge, lakini. Benki ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba 2008, na kishindo chake kilimsindikiza John McCain, mgombea wa Republican, hadi siku aliposhindwa na Barack Obama.

Msemo wenyewe ulianzia wapi?

Ulienea mwaka 1980. Rais Jimmy Carter wa chama cha Democratic alikuwa akitafuta muhula wa pili huku Wamarekani 52 wakiwa mateka Iran, kufuatia kuvamiwa kwa ubalozi wa Marekani mjini Tehran tarehe 4 Novemba 1979. William Casey, msimamizi wa kampeni ya mpinzani wa Carter, Ronald Reagan wa Republican, aliwatahadharisha waandishi wa habari kwamba huenda Carter akawatoa mateka dakika za mwisho ili ajipatie ushindi. Kwa hiyo msemo uliingia vinywani mwa watu ukiwa ni hofu ya upande mmoja juu ya jambo ambalo halijatokea. Na halikutokea.

Tazama mwisho wake ulivyokuwa. Jumapili tarehe 2 Novemba 1980, siku mbili kabla ya kura, Carter alikuwa Chicago kwenye kampeni. Aliamshwa kungali giza, akaelezwa kwamba bunge la Iran limetaja masharti ya kuwaachia mateka. Akakatiza ziara, akapanda ndege kurudi Washington, na jioni akalihutubia taifa kwenye televisheni. Hakuwa na mateka wa kuwaonyesha. Siku ya kura ikaangukia tarehe 4 Novemba, mwaka mmoja kamili tangu ubalozi uvamiwe, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Reagan alichukua majimbo 44.

Baadaye tuhuma ikageuka upande wa pili: kwamba watu wa Reagan ndio walioiambia Iran isiwaachie mateka mapema. Seneti ilichunguza, na kamati maalumu ya Baraza la Wawakilishi ikatoa ripoti Januari 1993. Hakuna aliyepata ushahidi wa kuaminika. Mwaka 2023 Ben Barnes, mwanasiasa mkongwe wa Texas, alisema kwamba mwaka 1980 alifuatana na John Connally, gavana wa zamani wa jimbo hilo, katika ziara ya Mashariki ya Kati, na kwamba Connally alikuwa akipitisha ujumbe wa namna hiyo. Ni ushuhuda wa mtu mmoja, miaka 43 baada ya tukio. Naupa uzito huo, si zaidi.

Ina maana kabla ya 1980 mambo haya hayakuwapo?

Yalikuwapo, jina ndilo halikuwapo.

Oktoba 1880 gazeti moja la New York lilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa na James Garfield, mgombea wa Republican, akiunga mkono kuletwa kwa vibarua wa Kichina. California wakati huo ilikuwa inawaka moto kwa chuki dhidi ya Wachina. Barua ilikuwa ya kughushi. Garfield alisubiri siku kadhaa, akitaka kwanza kuuona mwandiko, ndipo akakanusha. Urais aliupata, lakini California aliikosa kwa kura chache mno.

Ya mwaka 1884 ndiyo ninayoipenda kuisimulia, kwa sababu haikuhitaji siri wala pesa. Jumatano tarehe 29 Oktoba, zimebaki siku sita, James Blaine wa Republican alikutana na kundi la wachungaji wa Kiprotestanti katika Hoteli ya Fifth Avenue, New York. Mchungaji Samuel Burchard akasimama kumkaribisha, na katika kuwashambulia Democratic akakiita chama chao chama cha ulevi, Urumi na uasi. Urumi hapo maana yake Ukatoliki. Blaine alikuwa amesimama palepale. Hakusema kitu. Labda hakusikia vizuri, labda alikuwa akiwaza hotuba yake. Lakini upande wa pili ulikuwa na mtu wa kunukuu ukumbini, na ilipofika Jumapili vikaratasi vyenye maneno yale vilikuwa vinagawiwa kwa waumini wa Kikatoliki, wengi wao Waairishi ambao Blaine alikuwa amejitahidi sana kuwavuta. Jumanne New York ikamponyoka kwa kura elfu moja na ushei, na urais ukaenda kwa Grover Cleveland.

Siku sita zilitosha kulisambaza neno, hazikutosha kulifuta.

Ni kweli kampeni ya Nixon ilivuruga mazungumzo ya amani mwaka 1968?

Ushahidi uliopo leo unaelekea huko, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu watu walikuwa wanakufa.

Marekani ilikuwa imezama Vietnam. Hubert Humphrey, makamu wa rais na mgombea wa Democratic, alikuwa nyuma ya Richard Nixon, kisha akaanza kumkaribia. Tarehe 31 Oktoba Rais Lyndon Johnson akatangaza kusitisha mabomu yote dhidi ya Vietnam Kaskazini na kupanua mazungumzo ya Paris. Ukitaka mfano wa mshangao unaomfaa aliye madarakani, ni huo. Ila tarehe 2 Novemba Rais Nguyen Van Thieu wa Vietnam Kusini akasema serikali yake haitakwenda Paris. Matumaini yakazima siku tatu kabla ya kura.

Nyuma ya pazia alikuwapo Anna Chennault, mchangishaji maarufu wa Republican, aliyekuwa akiwasiliana na balozi wa Vietnam Kusini mjini Washington. Ujumbe ulikuwa: vumilieni, na Nixon mtapata masharti bora. Johnson alijua, kwa sababu vyombo vyake vya usalama vilikuwa vinasikiliza. Katika mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa alimwambia kiongozi wa Republican katika Seneti, Everett Dirksen, kwamba huo ni uhaini. Nixon mwenyewe alikana maisha yake yote. Miongo kadhaa baadaye yakapatikana maandishi ya msaidizi wake, H. R. Haldeman, ya Oktoba 1968, yakionyesha Nixon akiagiza Chennault aendelee na kazi.

Nixon alishinda kwa takriban kura nusu milioni kati ya milioni 73. Johnson alinyamaza, na Humphrey, aliyedokezwa, naye akanyamaza. Kufichua kungemaanisha kukiri kwamba serikali inasikiliza simu za mshirika wake wa vita. Nawaelewa, lakini siachi kujiuliza: Ikulu ilijua, kampeni ya Nixon ilijua, serikali ya Vietnam Kusini ilijua. Ambaye hakuambiwa ni yule aliyekuwa anakwenda kupiga kura.

Barua ya Comey ndiyo iliyomnyima Hillary Clinton urais mwaka 2016?

Hili huulizwa kuliko mengine yote, na anayejibu kwa neno moja, ndiyo au hapana, anakupunja.

Kwanza kilichotokea. Julai 2016 James Comey, mkurugenzi wa shirika la upelelezi la FBI, alitangaza kwamba hapendekezi mashtaka dhidi ya Clinton kuhusu barua pepe ya binafsi aliyokuwa akiitumia kikazi akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Ijumaa tarehe 28 Oktoba, zimebaki siku 11, akawaandikia viongozi wa Bunge kwamba zimepatikana barua pepe nyingine zinazoweza kuhusika. Zilikuwa kwenye kompyuta ya Anthony Weiner, mume wa msaidizi wa karibu wa Clinton, aliyekuwa akichunguzwa kwa jambo tofauti kabisa. Barua yenyewe ilikuwa fupi na haikusema barua pepe hizo zina nini, kwa kuwa FBI haikuwa imezisoma. Jumapili tarehe 6 Novemba Comey akaandika tena: tumezipitia, msimamo wa Julai haujabadilika. Jumanne watu wakapiga kura.

Sasa hesabu. Clinton alimpita Donald Trump kwa kura zipatazo milioni 2.9 nchi nzima, lakini urais wa Marekani huamuliwa na kura za wajumbe wa majimbo, na anayefikisha 270 kati ya 538 ndiye mshindi. Michigan, Wisconsin na Pennsylvania zilimpa Trump ushindi, na ukijumlisha tofauti ya majimbo yote matatu hupati hata kura 80,000. Kwenye mwanya mwembamba kiasi hicho karibu kila kitu kinaweza kuitwa sababu: barua ya Comey, barua pepe za upande wake zilizodukuliwa na Warusi, au uamuzi wa Clinton wa kutokwenda Wisconsin baada ya kuteuliwa na chama. Wapo wachambuzi wa takwimu, Nate Silver akiwamo, wanaoshikilia kwamba bila barua ile Clinton angeshinda. Chama cha wataalamu wa kura za maoni cha Marekani kilipochunguza mwaka 2017 kiliona ushahidi umechanganyika: Clinton alishuka, lakini huenda alikuwa ameanza kushuka kabla ya barua.

Mimi naona barua ilitosha kubadili matokeo, sawa na mambo mengine matano au sita. Ambalo sina shaka nalo ni kwamba haikupaswa kutoka vile. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya mwaka 2018 ilisema Comey alikosea vibaya kimaamuzi, ingawa haikumkuta na upendeleo wa kisiasa. Na wakati huohuo FBI ilikuwa na uchunguzi mwingine ulioanza Julai 2016, kuhusu uhusiano wa kampeni ya Trump na Urusi, nao haukutangazwa. Wagombea wawili, chunguzi mbili, na mpiga kura akaambiwa habari ya mmoja tu.

Mbona basi kashfa nyingine kubwa hazikubadili kitu?

Sababu mojawapo ni kwamba habari hufukiana. Mfano wake mzuri ni alasiri ya Ijumaa tarehe 7 Oktoba 2016, saa za Washington. Saa tisa na nusu, mashirika ya ujasusi yalitoa tamko zito kwamba serikali ya Urusi inaingilia uchaguzi. Nusu saa baadaye Washington Post likachapisha mkanda wa mwaka 2005 wenye sauti ya Trump akijigamba kuwashika wanawake sehemu za siri. Tamko la majasusi likazama palepale. Nusu saa nyingine ikapita, WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri, wakaanza kumwaga barua pepe za John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Clinton. Habari tatu, na kila moja ingeweza kushika kurasa za mbele wiki nzima, zilizaliwa ndani ya saa moja na dakika chache. Siku hiyo wengi waliamini Trump amekwisha. Mwezi mmoja baadaye akashinda.

Oktoba 1964 ilikuwa hivyohivyo. Tarehe 14 iliripotiwa kwamba Walter Jenkins, msaidizi wa karibu sana wa Rais Johnson, alikamatwa kwa kosa la kimaadili. Siku hiyohiyo Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliondolewa madarakani Moscow, na tarehe 16 China ikalipua bomu lake la kwanza la nyuklia. Nani angeendelea kumzungumzia Jenkins? Johnson aliibuka na zaidi ya asilimia 60 ya kura.

Hapo ndipo penye sababu ya pili. Johnson alikuwa mbele kiasi kwamba habari yoyote isingemfikia. Vivyo hivyo tarehe 26 Oktoba 1972 Henry Kissinger, mshauri wa Nixon wa usalama wa taifa, alipotangaza kwamba amani imekaribia Vietnam: Nixon alikwenda kushinda majimbo 49, angeshinda hata kama Kissinger angekaa kimya.

Mshangao unahitaji nini ili uume kweli?

Unahitaji uchaguzi uliobanana. Bila hilo, mengine yote ni kelele.

Chukua mwaka 2000. Alhamisi tarehe 2 Novemba, siku tano kabla ya kura, kituo cha televisheni cha Maine kilitangaza kwamba George W. Bush alikamatwa mwaka 1976 akiendesha gari amelewa. Ni kosa la miaka 24 nyuma, lililoishia kwenye faini. Bush alikiri usiku uleule. Karl Rove, mpangaji mkuu wa kampeni yake, ameandika kwamba anaamini habari ile iliwakatisha tamaa Wakristo wengi wahafidhina wakabaki nyumbani. Bush alishinda hata hivyo, kwa kura 537 za Florida na uamuzi wa Mahakama Kuu. Habari ndogo ya kituo cha jimbo iliukaribia urais kuliko bomu la nyuklia la China mwaka 1964.

Kisha linahitajika kundi la watu ambao bado hawajaamua, na wawe mahali panapohesabika. Wapiga kura laki moja wakibadili mawazo California leo, hakuna kinachotikisika. Wisconsin, wanatosha na kubaki.

Je, vimbunga na majanga?

Yanamhusu zaidi aliye madarakani, kwa sababu yanamweka kazini mbele ya macho ya watu. Kimbunga Sandy kilipiga New Jersey tarehe 29 Oktoba 2012, siku nane kabla ya kura. Obama alisimamisha kampeni, na tarehe 31 akatembea kwenye mabaki ya ufukwe pamoja na gavana Chris Christie, Mrepublican ambaye miezi miwili nyuma alitoa hotuba kuu kwenye mkutano wa chama chake kumpigia debe Mitt Romney, mpinzani wa Obama. Sasa alikuwa anamsifu Obama hadharani. Romney afanye nini? Hakuwa na ofisi ya kutoa amri wala misaada ya kugawa. Siamini Sandy ilimpa Obama ushindi. Kura 332 za wajumbe ni pengo kubwa mno kwa kimbunga kimoja. Ilimnyima Romney wiki yake ya mwisho, basi.

Mwaka 2024 Kimbunga Helene kilitua Florida mwishoni mwa Septemba na kuharibu vibaya magharibi ya North Carolina, jimbo lenye ushindani. Hapo suala likawa la kiutendaji: barabara zimekatika, vituo vya kura vimeharibika, na uvumi juu ya misaada unatembea haraka kuliko malori ya misaada yenyewe. Maofisa wa uchaguzi walilegeza baadhi ya taratibu katika kaunti zilizoathirika ili watu waweze kupiga kura.

Kura za mapema zimeumaliza mshangao wa Oktoba?

Zimeupunguza makali. Sheria ya shirikisho inataka wanajeshi na Wamarekani wa ng'ambo watumiwe karatasi za kura siku 45 kabla, na majimbo kadhaa huanza kupokea kura Septemba. Mwaka 2020, wakati wa korona, zaidi ya watu milioni 100 walikuwa wamekwisha piga kura kabla ya siku yenyewe. Mwaka 2024 walizidi milioni 80.

Kwa hiyo tukio la tarehe 28 Oktoba leo linawakuta mamilioni wamemaliza. Lakini wanaowahi ni wale waliokwisha amua siku nyingi; hao hata wangesubiri wasingebadilika. Wanaobaki mpaka mwisho ndio wasio na uhakika, nao ndio hasa mshangao unaowatafuta.

Aliyekwisha kupiga kura akijuta, katika majimbo karibu yote imetoka. Hairudi.

Mgombea akifariki siku chache kabla ya kura?

Majina yaliyochapishwa hubaki kwenye karatasi, kwa kuwa hakuna muda wa kuchapisha upya. Kamati kuu ya chama humteua mwingine, na wajumbe wa uchaguzi wanaokutana Desemba ndio humpigia kura. Imewahi kutokea kwa makamu: James Sherman, aliyegombea na William Taft, alifariki tarehe 30 Oktoba 1912. Tiketi yao ilipata kura nane tu za wajumbe, na kwa nafasi ya makamu zikapewa Nicholas Murray Butler.

Mwaka 1872 Horace Greeley alifariki wiki chache baada ya kushindwa, kabla wajumbe hawajapiga kura zao. Wengi waligawanyika kwa watu wengine, lakini watatu walimpigia marehemu. Bunge lilikataa kuzihesabu.

Rais anaweza kuahirisha uchaguzi kukitokea jambo kubwa?

Hapana. Tarehe imewekwa na sheria ya Bunge, na ni Bunge pekee linaloweza kuibadili. Marekani ilipiga kura mwaka 1864 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1944 katikati ya Vita vya Pili vya Dunia.

Waendesha mashtaka wanaruhusiwa kumfungulia mtu kesi siku za mwisho?

Hakuna sheria inayokataza. Wizara ya Sheria ina desturi isiyoandikwa ya kujiepusha na hatua za wazi zinazoweza kugusa uchaguzi, na wengi huitaja kuwa siku 60. Desturi ni desturi tu. Tarehe 30 Oktoba 1992, siku nne kabla ya kura, mwendesha mashtaka maalumu Lawrence Walsh aliongeza shitaka jipya dhidi ya Caspar Weinberger, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, katika kashfa ya kuiuzia Iran silaha. Nyaraka za shitaka hilo zilimgusa Rais George H. W. Bush mwenyewe. Bush alishindwa na Bill Clinton, na kwa tofauti iliyokuwapo nadhani angeshindwa tu. Lakini shitaka lile jipya mahakama ililitupa Desemba. Kura zilikuwa zimekwisha hesabiwa.

Na video bandia za akili mnemba?

Teknolojia imefanya kughushi kuwe rahisi, lakini kazi ni ileile ya barua ya Garfield. Januari 2024, kabla ya uchaguzi wa awali wa New Hampshire, wapiga kura walipigiwa simu na sauti iliyoigizwa ya Joe Biden ikiwashauri wasipige kura. Oktoba 2024 ilisambaa video ikionyesha mtu akichana kura za Trump katika kaunti ya Bucks, Pennsylvania. Hiyo hata haikuhitaji akili mnemba, ilikuwa maigizo. Maofisa wa kaunti waliikanusha haraka, na vyombo vya usalama vikasema imetengenezwa na Warusi. Kukanusha kulisaidia kwa kuwa kulikuja ndani ya saa chache, si siku kadhaa kama kwa Garfield.

Nikikutana na habari nzito siku tatu kabla ya kura, niipimeje?

Anza na tarehe ya jambo lenyewe, si ya habari. Kama lilitokea miaka 24 iliyopita na linatolewa Alhamisi ya mwisho, uliza nani alikuwa nalo na amelikalia tangu lini. Hilo halilifanyi kuwa uongo. Kukamatwa kwa George W. Bush kulikuwa kweli.

Kisha tazama kama kuna kitu cha kushika. Barua ya Comey ilishtua nchi nzima bila kusema barua pepe zina nini. Aliyeisoma kwa makini aliona ni taarifa ya kwamba kuna kazi itafanyika, basi. Vichwa vya habari havikuisoma hivyo.

Na kura ya maoni ya mwisho isikubabaishe. Tarehe 2 Novemba 2024 kura ya maoni yenye heshima kubwa ya jimbo la Iowa ilimweka Kamala Harris, mgombea wa Democratic, mbele ya Trump kwa pointi 3. Siku tatu baadaye Trump alilichukua jimbo hilo kwa 13.

Mshangao ukichelewa?

Hutokea. Tarehe 9 Novemba 2020, siku sita baada ya kura, Pfizer ilitangaza kwamba chanjo yake ya korona inafanya kazi vizuri sana. Trump alikuwa ameahidi chanjo kabla ya uchaguzi. Alishindwa, na ukijumlisha tofauti ya Georgia, Arizona na Wisconsin hazifiki kura 45,000.

Na wale mateka wa Tehran? Carter alikesha usiku wake wa mwisho Ikulu akifuatilia mapatano. Ndege yao iliruka tarehe 20 Januari 1981, siku ya 444, dakika chache baada ya Reagan kuapishwa. Kesho yake Carter alisafiri hadi Wiesbaden, Ujerumani Magharibi, kuwapokea, akiwa mjumbe wa rais mpya.